Sura ya Sita: Gesi Iliyofungiwa Majengoni

Tanzania haijawahi kuwa na kiwanda cha kuzalisha kemikali zinazomong'onyoa tabaka la ozoni. Kila kilo ya kemikali hizo iliyomo nchini iliingia kupitia bandarini au mipakani, ama ikiwa kwenye mtungi wa fundi, ama ikiwa imekwisha kufungwa ndani ya jokofu, kiyoyozi, kizimamoto au paneli ya chumba cha baridi, na sehemu kubwa yake iliishia ndani ya majengo. Anayetaka kujua Morogoro imefikia wapi katika kuziondoa hana budi kuanzia kwenye kuta za ofisi, maghala, hoteli, benki na maabara zilizotapakaa kutoka chini ya Milima ya Uluguru hadi Kihonda, kwa kuwa huko ndiko gesi yenyewe iliko, na mwenye kuamua kama itabaki ndani ya mabomba au itapotelea hewani ni kampuni yenye jengo.

Ozoni ni aina ya oksijeni ambayo molekuli yake ina atomu tatu badala ya mbili, na sehemu kubwa ya ozoni yote ya dunia imo katika anga la juu, takriban kilomita 15 hadi 35 kutoka ardhini, ambako huzuia miale mingi ya urujuanimno, yaani ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho ambayo huunguza ngozi, huleta mtoto wa jicho na saratani ya ngozi, na hudumaza mimea. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, wakiwa Chuo Kikuu cha California huko Irvine, walionyesha kwamba gesi za klorofluorokaboni, zilizosifiwa kwa miongo mingi kwa kuwa haziwaki, hazina sumu kali na hazivunjiki upesi, hupanda hadi kwenye tabaka hilo kwa sababu hiyohiyo ya kutovunjika, na huko juu miale ya jua huzipasua na kuachia atomu za klorini. Atomu moja ya klorini inaweza kuharibu molekuli za ozoni zipatazo 100,000 kabla haijanaswa na kemikali nyingine. Miaka 11 baadaye, yaani mwaka 1985, Joseph Farman na wenzake wawili wa Uingereza walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa ozoni iliyo juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua vibaya kila ifikapo Oktoba, na jambo lililokuwa la maabara likawa la serikali.

Mkataba wa Vienna wa kuhifadhi tabaka la ozoni ulifikiwa mwaka huohuo wa 1985, na Itifaki ya Montreal, ambayo ndiyo yenye meno, ikafuata tarehe 16 Septemba 1987. Afrika Mashariki ilikuwa na mkono wake katika kazi hiyo, kwa sababu Mostafa Tolba, mwanasayansi wa Misri aliyeyasukuma mazungumzo yale mpaka yakazaa makubaliano, aliliongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa akiwa Nairobi, na sekretarieti ya mikataba hiyo miwili ingali Nairobi hadi leo. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Baada ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zikatungwa mwaka 2007 kanuni za kudhibiti kemikali hizo, zilizowekwa chini ya usimamizi wa Ofisi ya Makamu wa Rais pamoja na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na uingizaji wake ukawa jambo la kibali.

Ratiba ya Itifaki kwa nchi zinazoendelea haina utata. Klorofluorokaboni, ambazo mafundi walizijua kwa majina ya R-11 na R-12, zilikomeshwa tarehe 1 Januari 2010, pamoja na haloni, gesi zilizotumika kuzimia moto. Zile zilizokuja kuchukua nafasi yake, hidroklorofluorokaboni, ambazo kinara wake ni R-22, zilisimamishwa zisiongezeke mwaka 2013, zikapunguzwa kwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025, na mwaka 2030 matumizi yake yatafutwa, isipokuwa kiasi kidogo cha wastani wa asilimia 2.5 kwa mwaka kitakachoruhusiwa hadi 2040 kwa ajili ya kuhudumia mitambo iliyopo. Asilimia hizo, hata hivyo, zinapima kinachoingia nchini. Gesi iliyokwisha kuingia na kufungwa kwenye mashine haiguswi na tarakimu hizo, na inaweza kuvuja yote hadi tone la mwisho bila nchi kuonekana imekiuka Itifaki. Pengo hilo ndilo linaloifanya kampuni kuwa mhusika mkuu.

Ni haki kusema wazi kwamba ozoni iliyo juu ya nchi za tropiki haikupungua kwa kiasi cha kutisha kama ile ya ncha za dunia, na kwamba jua la Morogoro lilikuwa kali kabla ya kiyoyozi cha kwanza kufungwa. Ila ukali huohuo ndio unaofanya kila upungufu uwe na gharama mahali hapa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na wakulima wa Mgeta, wanaolima kabichi, njegere na karoti kwenye matuta ya Uluguru, wako juu zaidi ya mita 1,000 na hufanya kazi kutwa nzima bila kivuli. Tanzania pia ina watu wenye ualbino kwa kiwango kinachokadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya watu 1,400 hivi, ambacho ni kikubwa mno kikilinganishwa na sehemu nyingi za dunia, na kwa watu hao saratani ya ngozi huja mapema na huua. Hospitali ya KCMC ya Moshi ilifikia hatua ya kuwatengenezea losheni ya kujikinga na jua. Gesi inayoachiwa Kihonda haimuunguzi mtu wa Kihonda, kwani huchanganyika na anga lote la dunia, lakini mtu huyo ni miongoni mwa wenye ngao nyembamba zaidi dhidi ya madhara yake.

Kampuni inayoanza kuhesabu kilichomo ndani ya majengo yake mara nyingi hushangaa kuona gesi hizo zimejificha katika sehemu nyingi kuliko ilivyodhani. Sehemu kubwa kabisa ni viyoyozi vya ukutani vilivyofungwa kabla ya miaka ya karibuni, ambavyo kibati chake cha maelezo, kilichobandikwa ubavuni mwa kisanduku cha nje, huandikwa R22 na kando yake uzito wa gesi, kwa kawaida gramu mia kadhaa hadi zaidi ya kilo moja kulingana na ukubwa wa mashine. Kwenye vyumba vya baridi vya nyama, maua, mbegu au dawa, gesi inaweza kuwa imo mara mbili, ndani ya mabomba na ndani ya povu la kuhami joto lililomo katika kuta, kwa kuwa povu la zamani lilifurishwa kwa R-11 na baadaye kwa hidroklorofluorokaboni nyingine iitwayo R-141b, ambayo hutoka pole pole kwa miaka na hutoka kwa wingi siku paneli inapovunjwa. Majokofu ya zamani ya jikoni na ya maabara, hasa yale yaliyoletwa yakiwa mitumba, yanaweza kuwa bado na R-12. Vyumba vya mawasiliano vya zamani vinaweza kuwa na mitungi ya haloni iliyosahaulika, na hapo njia iliyo rahisi ni kuingiza swali la aina ya gesi katika ukaguzi wa vizimamoto ambao Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huufanya kwa vyovyote.

Maghala yana habari yake, na kwa Morogoro, mji wenye viwanda vya kusindika tumbaku, habari hiyo si ya pembeni. Tumbaku iliyokauka hushambuliwa ghalani na mdudu mdogo wa kahawia ambaye wataalamu humwita Lasioderma serricorne, na dawa moja ya gesi iliyowahi kutumika sana duniani kuua wadudu wa maghala na vijidudu vya udongo ni methili bromaidi, ambayo nayo humong'onyoa ozoni kwa sababu bromini yake, atomu kwa atomu, ni hatari kuliko klorini. Wakulima wa tumbaku wa Zimbabwe na Malawi waliitegemea kwenye vitalu vya miche hadi walipofundishwa kuotesha miche kwenye trei zinazoelea majini. Nchi zinazoendelea zilipaswa kuiacha ifikapo 2015, isipokuwa kwa shughuli za karantini na matayarisho ya shehena za nje, na msamaha huo ungali wazi, kiasi kwamba kampuni inayopeleka mazao ng'ambo inaweza kuitumia bila kuvunja sheria. Fosfini, gesi inayotokana na vidonge vya fosfidi ya alumini, huua mdudu wa tumbaku bila kugusa ozoni, japokuwa ni sumu kali kwa binadamu na inadai turubai lisilovuja, vipimo vya hewa na siku kadhaa za kusubiri. Kampuni yenye subira ya siku hizo haina sababu ya kujificha nyuma ya msamaha.

Hata hivyo kazi kubwa iko kwenye viyoyozi, na humo iko zaidi katika mazoea kuliko katika mitambo. Ofisi nyingi zimezoea kwamba kiyoyozi huishiwa gesi, hivyo kila mwaka fundi huitwa kujaza, kama gari linavyojazwa mafuta, ilhali gesi ya kupozea haitumiki wala haipungui kwa kufanya kazi. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa gesi, na kama imepungua basi mahali fulani pana tundu. Dalili zake huonekana kwa macho: kwenye nati zinazounganisha bomba la shaba na kisanduku cha nje hutokea doa jeusi la mafuta lililoshika vumbi, kwa kuwa mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi, na povu la sabuni likipakwa hapo hutoa viputo. Fundi aliyefunzwa huanza na doa hilo. Huvuta gesi iliyobaki kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi, hukata na kutanua upya mdomo wa bomba, hupima kwa naitrojeni kama bado panavuja, hunyonya hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, kisha hurudisha gesi kwa kuipima kwenye mizani. Fundi mwenye haraka hufungua vali, gesi inapiga mluzi kwa dakika chache, anaunganisha mtungi mpya, anatazama geji mpaka mshale ufike kati ya paundi 60 na 70 kwa inchi ya mraba, anapokea malipo na kuondoka, na nati ile inayovuja anaiacha ilivyo.

Si haki kumlaumu fundi peke yake. Mashine ya kuvutia gesi ni ghali kwa mtu anayetembea na begi la vifaa kwenye bodaboda, na kampuni iliyomwita hulipa kwa kila mtungi uliojazwa, hailipi kwa uvujaji uliozibwa, kwa hiyo mkataba wenyewe humzawadia anayerudi mara nyingi. Kupitia Mfuko wa Pamoja wa Itifaki ya Montreal, ulioanza kazi mwaka 1991 ili kuzisaidia nchi zinazoendelea, mafundi wa Tanzania wamepewa mafunzo na vyuo vimepewa vifaa. Na Morogoro ina bahati ya kuwa na chuo cha ufundi stadi cha VETA Kihonda pamoja na chuo cha taifa kinachowaandaa walimu wa ufundi stadi. Mafunzo hayo hupotea bure ikiwa mteja hayadai. Kampuni inayoandika katika mkataba wake wa matengenezo kwamba hakuna gesi itakayoachiwa hewani, kwamba kila ujazaji utaambatana na maelezo ya mahali palipovuja, na kwamba malipo yatakuwa ya mwaka mzima badala ya kwa kila safari, hubadilisha tabia ya fundi kuliko semina yoyote.

Hatua inayotangulia yote hayo ni daftari. Jengo linalojua limechoma lita ngapi za dizeli kwenye jenereta halina kisingizio cha kutojua limejaza kilo ngapi za gesi. Ichukuliwe kwa mfano kampuni yenye viyoyozi 60 vya R-22, kila kimoja kikiwa na kilo moja: jumla ni kilo 60, na kwa kuwa uwezo wa R-22 wa kumong'onyoa ozoni ni 0.055 ukilinganishwa na R-11 inayohesabiwa kuwa 1, madhara yake kwa ozoni ni sawa na kilo 3.3 za R-11, kiasi kinachoonekana kidogo. Lakini R-22 pia ni gesijoto, yaani hunasa joto la dunia, na kila kilo yake katika miaka 100 hunasa joto mara 1,810 zaidi ya kilo ya hewa ukaa. Kilo zile 60 zikiachiwa zote ni sawa na tani 108 na ushei za hewa ukaa.

Hesabu hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kuongoza uchaguzi wa mashine mpya, na hapa makampuni mengi huteleza. Gesi zilizoletwa kuchukua nafasi ya R-22, yaani hidrofluorokaboni, hazina klorini na haziigusi ozoni, ila R-410A, iliyojaa kwenye viyoyozi vilivyouzwa kama vya kisasa, hunasa joto mara 2,088 zaidi ya hewa ukaa, zaidi hata ya R-22 yenyewe. Ndiyo maana nchi wanachama wa Itifaki zilikutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza nazo, katika Marekebisho ya Kigali yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kampuni iliyong'oa R-22 na kufunga R-410A imejiwekea foleni ya kung'oa tena. Bora kuruka mara moja hadi R-32, ambayo kipimo chake ni 675, au, kwa mashine ndogo, hadi R-290, ambayo ni propani safi na kipimo chake hakizidi 5.

Propani huwaka, na suala hilo halistahili kupitwa kwa haraka. Mashine iliyosanifiwa kwa ajili ya R-290 hubeba gesi kidogo, na swichi zake zimekingwa zisitoe cheche. Kuijaza gesi hiyo kwenye kiyoyozi cha zamani cha R-22, kwa kuwa tu presha zake zinakaribiana na gesi ni nafuu, ni kuweka moto ndani ya ukuta wa ofisi. Hatari nyingine ni mitungi ya bandia. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yalilipuka na kuua watu baada ya kujazwa gesi iliyoandikwa R-134a huku ndani yake mkiwa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na alumini ya kompresa hutengeneza kemikali inayolipuka ikigusa hewa. Bei ya mtungi iliyo chini kupita kiasi inapaswa kumtia hofu ofisa ununuzi kabla haijamfurahisha.

Yote hayo yanachukulia kwamba jengo ni lazima lipozwe kwa mashine. Kuanzia Novemba hadi Februari joto la Morogoro hupita nyuzi 30, na mji huu wanaousifu kuwa mji kasoro bahari hauna upepo wa bahari wa kuupooza. Wakoloni wa Kijerumani walilikimbia joto hilo kwa kupanda mlima na kujenga nyumba Morningside, juu ya mji, kwenye mteremko wa Uluguru. Walioujenga mji wenyewe zamani walitumia baraza pana, dari ndefu, matundu ya hewa juu ya madirisha na miembe kando ya njia. Kisha ikaja miaka ya viwanda, na Morogoro ikapata kiwanda cha viatu kilichogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikiwa na kuta za alumini na bila mfumo wa kuingiza hewa, jengo lililosanifiwa kana kwamba jua la Tanzania halipo. Kiwanda hicho kilizalisha sehemu ndogo sana ya uwezo wake na kufungwa mwaka 1990, kwa sababu nyingi za uchumi na uendeshaji ambazo haziwezi kutwikwa kuta peke yake. Lakini kama jengo kinafundisha jambo ambalo wajenzi wa ofisi za vioo wa leo wanalirudia, isipokuwa wao hulifunika kosa lao kwa viyoyozi. Kila kioo kinachotazama magharibi bila kivuli kinaongeza ukubwa wa mashine itakayonunuliwa, na kila ongezeko la ukubwa ni gramu zaidi za gesi ukutani na uniti zaidi za umeme kila mwezi. Kampuni inayopaka bati rangi nyeupe, inayoweka dari yenye kuhami joto, inayopanda miti upande wa jua la jioni na kufunga feni inaweza kukuta kwamba kati ya viyoyozi vyake 60 ni 35 tu vinavyohitaji kubadilishwa, na vilivyobaki vinahitaji tu kutolewa gesi kwa usalama na kuondolewa.

Nchi ya Uluguru ina dau lake katika hesabu hii. Misitu ya kilele chake, inayofika zaidi ya mita 2,600, hunasa ukungu unaopanda kutoka Bahari ya Hindi na kuuachia kama maji ya vijito vinavyolisha Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, na Mto Ngerengere, unaojaza bwawa la Mindu ambalo Morogoro yenyewe hulitegemea. Dunia ikizidi joto, ndege kama yule mbuguswi wa Uluguru, asiyepatikana mahali pengine popote duniani, hana mlima mrefu zaidi wa kuhamia.

Kinachobaki ni suala la muda, na muda huo unapimwa kwa umri wa mashine. Kiyoyozi kinachofungwa sasa, kikitunzwa vizuri, kinaweza kuishi miaka 15, yaani hadi mwaka 2040 hivi. Mwaka huo ndio mwisho wa kile kiasi kidogo cha R-22 kilichoachwa kwa ajili ya matengenezo. Ndio pia mwaka ambao nchi nyingi zinazoendelea, kwa ratiba ya Kigali, zitatakiwa kuwa zimepunguza hidrofluorokaboni kwa asilimia 50. Na ni takriban mwaka huohuo ambapo jopo la wanasayansi wa Itifaki, katika tathmini yao ya 2022, wanatarajia ozoni ya sehemu kubwa ya dunia, ukiacha ncha zake, irudi katika hali ya mwaka 1980. Viyoyozi vya zabuni inayoandikwa mwaka huu katika ofisi ya Kihonda au Msamvu vitakuwa bado vinafanya kazi ukutani mwaka huo, vikiwa na gesi ileile itakayotajwa katika karatasi zake, na mwandishi wa zabuni hiyo ana nafasi ya mstari mmoja tu wa kuitaja.